Simu Ishirini na Tatu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni simu ya Bibi Pasi ikitembea.

Ilikuwa imelazwa juu ya meza ya kupigia pasi, kando ya chupa ya maji, ikaanza kusogea yenyewe kuelekea ukingoni, kidogo kidogo, kama mdudu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, wasomaji wangu: kidole changu kikiwa bado juu ya kitufe cha kompyuta, na simu ya mtu mwingine ikitetemeka kwa jambo nililolifanya mimi.

Ikafuata ya Mama Mkubwa, ndani ya droo ya mikasi. Ikafuata ya fundi wa pindo, mfukoni mwake, akajikuna paja bila kuacha kushona. Kisha nikasikia mlio kutoka ng'ambo ya barabara, na mwingine mbele yake, na mwingine mbali zaidi, unaenda ukififia.

Kioo cha kompyuta kiliandika: "Hongera. Nisemee imewekwa kwenye simu zako 23."

Mimi nina simu moja.

Kama hukuwa nasi wiki iliyopita, kaa hapa nikueleze upesi, maana saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nane na dakika kumi, na mambo yote haya yalikuwa ya saa kumi.

Nashona mapazia kwenye karakana ya Mama Mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu, aliyenichukua nilipoacha shule darasa la sita. Watu wananiita Kimya. Si kwamba sina maneno. Ninayo mengi, ila yakifika kwenye ulimi yanakaa chini yanapumzika, na hayanyanyuki tena.

Siku hiyo saa kumi, Mama Mikate, mwenye duka la mikate la mbele yetu, alikuwa anakuja na kijana wake kuchukua jibu. Kijana anatengeneza vitasa na kufuli, ndiyo maana jina lake ni Kufuli. Amepata kazi mji wa mbali, na mama yake anataka aende na mke. Mama Mkubwa alikuwa ameniuliza mara tatu mwezi ule. Mara tatu niliangalia sakafu. Mara tatu akasema vizuri sana, mwanangu, na akaenda kupeleka habari njema.

Kufuli si mtu mbaya. Hucheka kwa pua na hufunga mlango polepole. Lakini nilikuwa na miezi miwili tu tangu nipewe cherehani yangu mwenyewe, ile namba tatu ya dirishani, baada ya miaka minne ya kutunga nyuzi kwenye sindano za wenzangu. Simchukii. Simtaki tu.

Sasa kuna ukurasa kwenye mtandao unaoitwa Kabati. Ukiingia, unaona programu zote zilizomo kwenye simu yako, zimepangwa rafu kwa rafu kama mashuka. Zisizotumika unazitoa. Na pembeni kuna mahali pameandikwa: "Wenye kabati kama lako wanapenda pia hizi." Humo ndimo nilimopata rula ya kupimia kwa kamera na daftari la kulinganisha rangi za vitambaa. Na wiki ile, Kabati ikanipa Nisemee.

Nisemee unaiandikia maneno, unachagua saa, na saa ikifika simu inayasema kwa sauti badala yako. Nilikaa nayo siku nzima kama mtu aliyeokota mlango. Nikaandika: "Samahanini wakubwa. Simtaki. Asanteni kwa kuja." Nikachagua saa kumi kamili. Sauti ya bure ilikuwa moja, ya mwanamume mnene anayetangaza kama yuko uwanja wa mpira. Nikasema hewala. Mpango wangu ulikuwa kuificha simu chini ya kitambaa cha sinia la chai, niwakaribishe wageni, nirudi nyuma hatua mbili, na yule bwana aseme.

Hayo niliyaandikia kwenye simu yangu. Kabati ikauliza kwenye kompyuta ya karakana kama naitaka kwenye simu zangu zote, alama ya ndiyo ikiwa imeshawekwa, nami nikabonyeza.

Kosa lilikuwa la zamani. Simu mpya huuliza anwani ya barua pepe kabla haijakubali kufanya lolote, na kwetu hakuna aliyekuwa nayo ila mimi, niliyetengenezewa na muuza simu wa pembeni. Bibi Pasi aliponiletea simu yake, nikaandika anwani yangu. Fundi wa pindo, hivyo hivyo. Ningemwambia nani hapana, katafute yako? Ikawa kila anayenunua simu mtaani anaambiwa, mpelekee Kimya, yule haulizi maswali. Nilidhani anwani ni kama lango la jengo: wanaingia wengi, kisha kila mtu anakwenda chumbani kwake.

Kumbe kwa Kabati sisi sote tulikuwa mtu mmoja mwenye simu ishirini na tatu. Na mtu huyo, saa kumi kamili, alikuwa anakwenda kumkataa mtu kwa sauti ya uwanjani, kutoka mifuko ishirini na mitatu, mtaa mzima.

Lingesemwa ndani ya chumba, lingekuwa la chumba. Likisemwa na mtaa, Mama Mkubwa asingeweza tena kuvuka barabara kununua mkate. Na Mama Mkubwa ndiye aliyenipa kitanda.

Nikaanza kufuta.

Kuweka ni kitufe kimoja. Kuondoa, wasomaji wangu, ni simu moja moja, na kila simu inamuuliza mwenyewe kwanza: "Ondoa Nisemee?" Asipobonyeza ndiyo, haitoki. Nami sikujua ipi ni ya nani, maana muuza simu wa pembeni alikuwa na aina moja tu, na kwenye orodha kumi na nne zilikuwa na jina moja.

Bibi Pasi alikuwa ameishika yake, anaigeuza kama samaki asiyemwamini. Akaniuliza inataka nini. Nikachukua chaki ya kukatia, nikaandika kwenye kipande cha kitambaa, kama nilivyozoea. Akakiangalia, akaniangalia.

"Mwanangu, mimi na maandishi hatujuani. Utasema."

Nikamsogelea, nikamnong'oneza sikioni. Nilinong'ona dakika nzima. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja, na mwisho nilikuwa nahema. Bibi Pasi aliisimamisha pasi yake wima.

"Ina maana hii simu yangu itamkataa mwanamume?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi miaka kumi sijapata hata wa kumkataa," akasema, "leo simu imempata."

Akacheka mpaka akakaa. Kisha akafuta macho na kuuliza kwa sauti nyingine kabisa kama kweli simtaki. Nikaitikia. Akasema alidhani namtaka, kila mtu alidhani, na yeye alishasema kwamba Kimya na Kufuli wakioana nyumba yao itakuwa tulivu kama benki siku ya Jumapili. Akabonyeza ndiyo pale nilipomwonyesha. Zikabaki ishirini na mbili.

Kabati ina kitufe kingine, cha kuiita simu iliyopotea. Ukikibonyeza, simu inalia kwa nguvu popote ilipo, hata kama mwenyewe ameinyamazisha. Tukakubaliana hivi: mimi naita na kutuma lile swali la kuondoa, Bibi Pasi anasimama mlangoni anasikiliza, unakotokea mlio ndiko anakokwenda.

Nikaita ya kwanza. Ikalia buchani. Bibi Pasi akavuka barabara na leso yake ya jasho begani. Muuza nyama alikuwa na mikono ya damu, akabonyeza ndiyo kwa kiwiko, hakuuliza ya nini. Nikaita ya pili, ikalia darasa la chekechea, na watoto arobaini wakaanza kuiimbia. Ya tatu ikalia juu ya lori la maji lililokuwa linaondoka, Bibi Pasi akalikimbilia hatua saba, miaka sitini na nne ile, hadi dereva akasimama akidhani amegonga kitu.

Kuna jambo moja nililogundua kuhusu watu siku ile. Ukimwambia mtu bonyeza ndiyo, anabonyeza. Wengi walibonyeza hata kabla Bibi Pasi hajawafikia, wakidhani ni mtandao unawapa zawadi. Namba ilikuwa inashuka mbele ya macho yangu: kumi na tisa, kumi na tano, kumi na mbili. Kila ikishuka nilikuwa napanda. Miguu yangu chini ya meza ilikuwa inacheza yenyewe. Fundi wa pindo akauliza kama nina homa.

Kwa bwana harusi wa Jumamosi iliyopita Bibi Pasi alichelewa kidogo. Alirudi akiwa ameegemea mlango. Mke mpya alikuwa ameshaishika simu, ameshaifungua Nisemee, na ameshayasoma maneno.

"Nimemwambia si yeye anayekataliwa," akasema Bibi Pasi. "Kanijibu, basi ni nani? Nimemwacha bwana harusi anaapa."

Nikaweka kichwa juu ya meza. Nilikuwa nacheka na kuogopa pamoja, sijui kipi kilitangulia. Bibi Pasi akanipiga kidogo mgongoni na kuniambia endelea, wale wataelewana, wana wiki moja tu.

Saa tisa na nusu zilibaki nne: ya Mama Mkubwa, ya Mama Mikate, ya Kufuli, na yangu.

Mama Mkubwa alitoka chumba cha nyuma akiwa amevaa vizuri, anatafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Simu yake ikalia kwenye droo ya mikasi. Akaitoa, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, haikusomeka. Akauliza jamani hii inasema nini. Mimi mdomo wangu ukawa kama umepigwa pasi.

Bibi Pasi, ambaye na maandishi hawajuani, akainama juu ya simu na kuisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Inasema, hongera kwa siku ya leo. Bonyeza hapo kushoto."

Mama Mkubwa akabonyeza, akaishukuru simu, akaniambia nikanawe uso. Zikabaki tatu.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili wageni wakaingia. Tuliwakalisha chumba cha nyuma, kile cha kuonyeshea mapazia, ambacho kuta zake zote ni vitambaa vya mfano, kwa hiyo ukikaa humo unajisikia umo ndani ya gauni la mtu mkubwa. Mama Mikate alikuja na mikate miwili na unga kidogo nyuma ya sikio. Kufuli alikuja na shati lililonyooshwa vibaya. Bibi Pasi aliliangalia kwa uchungu.

Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, simu yangu mkononi, Kabati imefunguliwa humo humo. Nikaita ya Mama Mikate. Ikalia ndani ya mkoba wake, kwa nguvu, akiwa katikati ya kueleza jinsi kijana wake asivyopenda makelele. Akaichomoa kwa aibu, akabonyeza kila kilichokuwa kinabonyezeka mpaka ikanyamaza. Zikabaki mbili.

Nikatuma lile swali kwenye simu ya Kufuli. Nikamwona akiitoa mfukoni, akaitazama. Akabonyeza.

Kabati ikaandika: "Mwenye simu amekataa."

Nikatuma tena. Akaitazama tena, akabonyeza tena. "Mwenye simu amekataa."

Mara ya tatu hakubonyeza upesi. Aliandika kitu, kirefu kidogo, kidole kimoja, akikunja uso kama mtu anayetafuta jino la ufunguo. Kisha akakataa.

Nikaifungua Nisemee yangu. Maneno yangu yalikuwa palepale. Chini yake yalikuwepo mengine ambayo sikuyaandika mimi, maana kilichoandikwa kwenye simu moja ya akaunti huonekana kwenye zote. Yalisema:

"Na mimi pia simtaki. Tafadhali usifute. Mimi mwenyewe siwezi kusema."

Niliyasoma mara tatu. Kisha kuna kitu kilinipanda kutoka tumboni, kikapita kifuani, kikafika puani, na ikabidi nijizibe mdomo kwa pazia la mfano la bei ghali kuliko yote dukani. Ilikuwa kicheko. Kikubwa, cha mtu mzima. Watu wawili walikuwa wamewekewa harusi, na wote wawili walikuwa wanangoja wasemewe na bwana mmoja wa uwanja wa mpira.

Nikachukua sinia. Simu yangu nikaiweka chini ya kitambaa, kama nilivyopanga tangu mwanzo. Saa kumi kasoro dakika nne. Ingesema yangu na ingesema yake, ndani ya chumba, la chumba, na mtaa wote kimya. Niliingia nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Nilipomwekea Kufuli kikombe aliniangalia. Akainamia chai, na chai ikaanza kutetemeka kwenye kikombe, nikajua naye anacheka kwa pua. Mama Mkubwa akaona. Mama Mikate akaona. Wakaangaliana kwa furaha kubwa, akina mama wale, na Mama Mikate akamgusa mwenzake goti, kama kusema si niliwaambia.

Saa kumi kasoro dakika mbili, Kufuli akaitoa simu yake, akaiweka mezani, kioo juu, ili isikike vizuri.

"Simu mbele ya wakubwa?" akasema Mama Mikate.

Akainyakua. Akabana kitufe cha pembeni mpaka kioo kikawa cheusi. Na akiwa hapo hapo, kwa kuwa ni mwanamke anayependa kupanga meza, akaninyooshea kitambaa cha sinia, akagusa kitu kigumu, akaitoa na yangu.

"Na hii nayo," akasema, akaizima, akazitia zote mbili kwenye mkoba, akafunga zipu.

Bibi Pasi alikuwa mlangoni. Alijifunika uso kwa leso yake ya jasho.

Saa ya ukutani ilifika kumi. Haina kengele, ina mshale tu. Nilisikiliza barabara. Muuza nyama alikuwa anapiga shoka lake. Chekechea walikuwa wanaenda nyumbani. Hakuna bwana aliyesema lolote, mahali popote. Nilikuwa nimewafuta wote vizuri, mmoja mmoja, kwa mkono wangu.

Mama Mkubwa akajiweka sawa kwenye kiti. Akasema maneno mazuri, kwamba alinilea kama wake, kwamba hajawahi kunilazimisha kitu na hatanilazimisha, na kwamba leo ananiuliza mbele ya watu ili isije ikasemwa baadaye. Kisha akaniuliza. Nikaangalia sakafu. Kulikuwa na uzi wa bluu hapo chini, umejikunja.

"Mnamjua huyu," Mama Mkubwa akasema kwa upole. "Akinyamaza ndiyo amesema. Basi."

Mama Mikate akafungua mikono yake miwili, yenye unga, akainuka kuja kunikumbatia. Kufuli alikuwa ameshika kingo za kiti kama mtu aliye kwenye gari linalokwenda kasi. Aliniangalia. Hakuwa anacheka tena.

Niliwaza Bibi Pasi alivyolikimbilia lori. Niliwaza kwamba mchana ule nilishanong'ona dakika nzima na sikufa. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi, kama kawaida yao, yameanza kutafuta pa kukaa.

Sikuwapa kiti.

"Mama Mkubwa," nikasema, na sauti ilitoka nene kuliko ile niliyodhani ninayo. "Simtaki. Naye hanitaki. Muulizeni."